Mwaka wa Kumnyamazia Thady

Mume wangu Malachy Gaffney aliipenda filimbi yake ya mbao kabla hajanipenda mimi, na mimi alinipenda mapema. Alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mchana kutwa alilala ubavu mlimani akivuta vumbi, jioni akaja kulipulizia jikoni kwangu. Nduguye Thady akiketi ng'ambo ya moto na fidla yake, sikuwa na mume tena mpaka chai ipoe.

Walikuwa na wimbo mmoja waliouzua wenyewe, wenye sehemu mbili kama nyimbo zetu zote za kucheza: ya kwanza inatembea chini chini, ya pili inapanda. Hawakuupiga baa wala harusini. Thady alikuwa mchoyo wa nyimbo kama wa tumbaku.

Thady alikufa wakati wa kuvuna viazi. Binti yetu Attracta akarudi kutoka Manchester kumzika. Alipoona babake anapumzika njiani kutoka mlangoni hadi kitini, hakuondoka tena. Kati ya wanangu, yeye peke yake ndiye aliyepuliza filimbi. Daktari alimwita pembeni akamwambia mapafu ya mzee yamegeuka jiwe.

Basi Attracta akautaka ule wimbo.

"Bado," Malachy akasema. "Nyumba ina msiba."

Kwetu mtu wa muziki akifiwa na wa damu yake, chombo hulala mwaka mzima. Filimbi ilikuwa juu ya kabati, imeviringishwa kitambaa.

"Niimbie tu kwa mdomo, baba. Polepole."

"Kwani mdomo si muziki?"

"Wako? Sina hakika."

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Lakini hakuimba.

Nikamfuata chumbani. "Malachy, Thady hakuoni."

"Thady alikuwa akiniona hata amefumba macho. Unadhani tulikuwa tunaanzaje pamoja?"

"Na mtoto je? Mwaka kwako wewe ni mrefu."

Alijua daktari kasema nini. Nyumba yetu kuta zake ni nyembamba.

"Hakuoa," akasema. "Hana mtoto. Nisipomnyamazia mimi, atanyamaziwa na nani?"

Nikamwachia chumba chake.

Nikajaribu mwenyewe. Nilimvuta Attracta zizini, nikaanza kuuimba ule wimbo kama nilivyousikia. Ng'ombe akageuza shingo kunitazama.

"Mama, huo ni wimbo, au amekukanyaga?"

"Ndio wenyewe. Sehemu ya pili."

"Ya pili ya nini?"

Tukaangua kicheko, tumemwegemea ng'ombe. Kisha nikaona mabega ya binti yangu yanatikisika, na hakikuwa kicheko tena.

Mwaka ukaisha. Tulipotoka kwenye misa ya Thady, Malachy aliishusha filimbi mwenyewe. Mbao ilikuwa imekauka. Akaimiminia maji, akaiacha inywe. Attracta akaketi mbele yake. Sehemu ya kwanza ilitoka vipande vipande, kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni. Akairudia mpaka binti akaishika. Kisha akavuta pumzi ya kuingia ya pili. Hewa ikatoka, sauti haikutoka.

"Kesho," akasema.

Kesho yake vilevile. Akajaribu kuimba, kikohozi kikaumeza wimbo. Attracta akamshikisha filimbi ili vidole tu vitembee bila pumzi, lakini vilitetemeka juu ya matundu yote kwa pamoja, binti asitambue hata kidole kimoja kinataka nini. Mzee alimtazama binti yake, akageukia ukutani.

Hakumaliza juma.

Siku ya matanga majirani walijaa, Malachy amelazwa chumbani ndani ya suti ya harusi yetu, ambayo sasa ilimpwaya. Festus Keaveney, mpiga fidla, akanishika mkono.

"Pole, mama. Vyombo tumeviacha garini. Taratibu tunazijua."

Attracta alikuwa tayari anaiviringisha filimbi. Nikamnyang'anya kitambaa.

"Mama, ni mwaka."

"Mwaka mmoja umekula nusu ya wimbo. Wa pili utakula hiyo iliyobaki. Puliza."

"Watu watasema."

"Keki yangu imewajaa midomoni. Watasema na nini?"

Festus akakohoa kidogo, akatoka, akarudi na fidla.

Attracta aliipuliza sehemu ya kwanza, akairudia, Festus akimfuata kwa chini. Walipofika pale wimbo unapopanda, wakasimama. Hakuna aliyethubutu kupajaza. Nilitazama mlango wa chumbani kama mjinga.

Siku hizi wimbo huo unapigwa mpaka mjini. Juzi alikuja mwalimu wa muziki kuniuliza habari zake. Akanieleza kwamba nyimbo zenye sehemu moja ni za kale sana, na kwamba uzuri wa huu ni kuishia pale pale ulipo, pasipo pupa.

Nikamwambia ndiyo, nikamwongezea chai.