Mlio Nisiousikia

"Linafanya hivi," Sunnvá alisema, akabana ulimi nyuma ya meno na kupuliza: tsi-tsi-tsi-tsi. Kisha akacheka mwenyewe, maana hapo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, muuguzi mwenye heshima zake, amesimama katikati ya gereji yangu analia kama kifaranga.

"Asubuhi tu, likiwa na baridi," akaongeza. "Nikianza kupanda mlima linazidi. Nikifika juu linanyamaza, kana kwamba limechoka kunisuta."

Niliinua boneti. Gari lile la kijani lilikuwa na miaka kumi na tisa, na kumi na minne kati ya hiyo fundi wake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimebadilisha karibu kila kitu ndani yake isipokuwa harufu ya mbwa wa mwenye gari wa kwanza. Nikaliwasha, nikaweka ncha moja ya mpini wa fagio kwenye pampu ya maji na ncha ya pili sikioni, nikafumba macho.

"Unasikia?" akauliza.

Nilisikia mapigo ya injini, mazito, yaliyopangika vizuri. Zaidi ya hayo hapakuwa na kitu.

"Sunnvá, gari lako ni zima kuliko mimi."

"Lakini hata sasa hivi lina…" Akakatisha. Aliniangalia usoni kitambo, kwa jicho lile la wauguzi. Kisha akafunga zipu ya koti. "Basi sawa, Hergeir. Fundi ni wewe."

Kwenye karatasi ya kazi nikaandika: Hakuna tatizo.

Huo ulikuwa mwezi wa Machi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Watu wa upande wetu wa kisiwa cha Suðuroy hawakuniletea magari kwa sababu ya vifaa. Vifaa vyangu vilikuwa vya kawaida. Walinifuata kwa sababu ya sikio. Mzee Anfinn aliyenifundisha kazi alinifunga macho siku moja kwa skafu yake ya sufi, akaniketisha kando ya injini na kuniuliza ni vali ipi iliyolegea. Nikasema ya nne. Hakunipongeza. Alivaa kofia yake akaenda kula, akaniachia funguo za gereji mezani. Baadaye, hata nikiwa natafuna chakula changu, simu ilikuwa ikilia, na mtu bila ya salamu akautoa mkono wa simu dirishani kuelekea gari lake: "Hergeir, hebu sikiliza hiyo!" Nami kwa mdomo uliojaa viazi nikamwambia, beringi ya gurudumu la kushoto, usiende nalo mbali.

Niliishi juu ya gereji. Mama alipofariki nilibaki na vyumba vitatu na dirisha linalotazama bahari. Sikujiita mpweke. Mchana kutwa nilikuwa na kitu cha kusikiliza.

Siku tatu baada ya Sunnvá kuondoka, simu ilipigwa kutoka Fámjin, kijiji cha ng'ambo ya mlima ambako alikuwa akienda kuwahudumia wazee majumbani. Aliyepiga alikuwa mwenye nyumba ya kwanza ukiteremka. Alizungumza kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama watu wengi walivyokuwa wakizungumza nami siku hizo. Mimi nilidhani laini za simu zimechakaa.

Beringi ya pampu ya maji ilikuwa imekufa kwenye mteremko, penye ukungu. Mkanda unaozungusha pampu hiyo na kuurahisisha usukani ukaruka, usukani ukawa mzito kama jiwe wakati ule ule alipohitaji kukata kona. Gari lilishuka kwenye mtaro wa mawe. Sunnvá alivunjika mkono karibu na kiganja, akatoka kupitia mlango wa abiria, akatembea saa moja na robo kwenye mvua ya theluji, mkono wake ameuficha ndani ya koti. Alipofunguliwa mlango, swali lake la kwanza lilikuwa kama bibi Malan amekwisha kupewa dawa zake za asubuhi.

Nililivuta gari mpaka gereji, nikafunga mlango. Nikaishika puli ya pampu, kile kigurudumu cha mkanda, na kuizungusha kwa mkono. Ilikuwa kama kuzungusha mchanga. Vidole vyangu vilielewa papo hapo. Beringi haifi kwa siku moja. Hulia kwa wiki nyingi kwanza. Hii ilikuwa imelia mbele yangu, nami nimeiegemea kwa mpini wa fagio.

Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililolifanya ni kutafuta jiwe la kulisingizia. Nilichukua tochi nikachungulia kwa nusu saa, nikitafuta alama ya kuonyesha kwamba pampu ilivunjwa na mtaro, si kwamba mtaro uliletwa na pampu. Nikaipata. Palikuwa na mkwaruzo mpya, wenye urefu wa kidole, ubavuni mwa pampu. Ungetosha. Kisiwani hapakuwa na mtu wa kunibishia.

Nilikaa chini sakafuni na tochi ikiwa bado inawaka.

Jumamosi niliitia beringi ile mfukoni nikaenda nyumbani kwake. Alinifungulia akiwa na plasta mpaka kwenye kiwiko. Alimimina kahawa kwa mkono wa kushoto, akasogeza sahani ya nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo, akanipa kisu nikate mwenyewe. Sikukata. Niliiweka beringi mezani.

"Ilikuwa inalia," nikasema.

"Najua."

"Sikuisikia."

"Hilo nalo najua, Hergeir."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo nilipoumia. Akanieleza kwamba msimu wa vuli uliopita alipita gereji, birika langu kule juu likawa linapiga mluzi mpaka mbwa wa jirani anabweka, na mimi nikaendelea kumweleza habari za breki. "Nikapanda ngazi nikalizima mwenyewe. Niliporudi hukuuliza nilikuwa wapi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikizungusha kikombe chake. "Angekuambia nani? Kasisi anajua. Dukani wanajua. Kila mtu aliona haya kwa ajili yako."

"Na bado ukaniletea gari."

"Ningelipeleka wapi? Nikiipita gereji yako kwenda mjini, kijiji kizima kitakuwa na habari kabla sijafika. Nikasema, labda kwa injini bado anasikia." Akautazama mkono wake. "Adabu zetu hizi, bwana."

Nilirudi kwa miguu kufuata ufuo. Njiani nilikumbuka kwamba majira ya joto yaliyopita nilisema pale dukani kuwa ndege wa pwani wamekuwa haba mwaka huu, asubuhi hazina tena sauti zao. Watu watano walikuwa kwenye foleni. Wote waliitikia, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo, Hergeir. Wamepungua sana. Sijui wameenda wapi. Na ndege walikuwa palepale kwenye mawe, midomo yao myekundu wazi, wakipiga kelele.

Pampu mpya ilikuja kwa meli. Sunnvá alipotolewa plasta alifuata gari lake, mkono umekonda. Nililiwasha, kisha nikafanya jambo nisilolifanya tangu Anfinn aniachie funguo. Nikasogea pembeni.

"Unasikia nini?"

Aliinama juu ya injini, akafumba macho, wala hakufanya haraka. "Ule mlio hakuna," alisema hatimaye. "Ila kuna kitu kinagonga polepole. Huku nyuma."

Nikapapasa alikoonyesha. Nati moja ilikuwa imelegea. Nikaikaza.

"Sasa?"

"Sasa basi."

Nilimwamini. Lilikuwa jambo gumu kuliko nilivyotarajia, kusimama mbele ya injini na kulazimika kumwamini mtu.

Mwaka uliofuata nilipata vifaa vya masikioni. Vilinirudishia maneno ya watu, milio ya chuma hapana. Nikaendelea miaka minne zaidi na matairi, breki na mabomba ya moshi, vitu vya kuona na kushika. Mwenye gari lenye mlio nilimwambia aende mjini, naye alinishukuru kwa upole akaenda. Simu haikulia tena wakati wa chakula.

Lakini siku ile ya pampu bado sikuwa na vifaa. Mvua ilikuwa imeanza. Sunnvá alilitoa gari nje, akasimama, akashusha kioo na kusema kitu. Niliona midomo ikicheza. Nikaitikia kwa kichwa na kutabasamu, kama nilivyokuwa nimezoea kuwafanyia watu wote, naye akaanza kupandisha kioo.

Nikatoka mlangoni mpaka dirishani kwake.

"Sikukusikia," nikasema. "Hebu sema tena."

Alinitazama. Kisha akatoa kichwa nje na kupaza sauti, neno moja moja.

"Nimesema unalowa, Hergeir. Ingia ndani."