Karte Iko, Numero Haiko

Jumatatu ilikuwa siku ya kilo. Kabla jua halijakausha umande wa mtaa wa Katuba, akina mama walikuwa wamekwisha kukaa kwenye viti virefu vya dispansere, zahanati ya kampani ya migodi, watoto mgongoni, kila mmoja ameshika kichwani numero ya kazi ya bwana yake. Mama alifika dirishani, akataja numero. Msichana wa kazi, Mwape, akaenda kwenye kabati, akatafuta karte, kadi ya mtoto, akaileta. Mtoto akawekwa kwenye mizani, kilo ikaandikwa, na yule aliyekonda akapewa kopo la maziwa ya unga. Hakuna karte, hakuna mizani. Hakuna mizani, hakuna maziwa.

Kabati lilijaza ukuta mzima, tiroir juu ya tiroir, droo za mbao, mpaka darini, na ukiivuta moja ilitoka ndefu kama mkono wa mtu mzima. Karte zilipangwa kwa numero za akina baba, na watoto nyuma ya baba zao, kama vifaranga nyuma ya kuku. Lakini baba alihamishwa kutoka shimoni kwenda kwenye tanuru, akapewa numero nyingine. Mtoto akazaliwa, mwingine akafa. Karte iliyotolewa kwa haraka ilirudishwa kwa haraka zaidi, pasipo pake. Mama mmoja alizoea kusema kwamba mtoto wake aliingia humo hana meno, akatoka anatafuna muhogo. Wenzake walicheka, na Mwape pia alicheka, kwa sababu hakuwa mbali na kweli.

Mwape alikuwa msichana wa Katuba, mwenye kimya. Masista walimfundisha kusoma na kuhesabu, kisha baba yake akasema inatosha. Walimpa kazi hiyo kwa kuwa hakuchoka kutafuta na hakukasirika akipigiwa kelele. Asubuhi alikuja pamoja na jirani yake Ngalula, wa nyumba ya pili. Ngalula alikuwa mtu wa Kasai kwa upande wa wazazi, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Katuba na Kasai hakuijua hata kwa picha. Bwana yake, Symphorien, alikuwa karani katika depo ya kampani. Mtoto wao, Kapinga, alikuwa mwembamba tangu homa ilipokausha maziwa ya mama yake, na kopo la Jumatatu ndilo lililokuwa titi lake.

Mkubwa wa karte aliitwa Stanislas. Siku moja alitumwa mjini akaone mashine inayosoma karte zenye matundu: inameza lundo, inatema ile moja unayoitaka. Alirudi kama mtu aliyeonjeshwa chakula kwenye nyumba ya watu. Tangu siku hiyo alitafuta namna ya kuharakisha kabati lake la mbao. Alipaka tiroir rangi. Alimpa Mwape kiti chenye magurudumu, mpaka Mwape alipoiangusha mizani. Kisha akaweka karibu na dirisha karte za watoto waliokuja wiki iliyopita, maana aliyekonda wiki iliyopita atarudi tu wiki hii. Hilo lilisaidia kidogo. Karte ya Kapinga ilihamia hapo na kukaa.

Halafu, wakati wa baridi, Katanga ikiwa imeingia mwaka wake wa pili wa kuwa nchi peke yake, tiroir moja ilifunguka.

Mwape alikuwa anapuliza vidole vyake vipate joto. Tiroir ya chini ikajisukuma mbele, polepole, kama ulimi wa mgonjwa unaoonyeshwa daktari, na karte moja ikainuka kupita wenzake. Mwape akaichukua. Mama aliyekuwa dirishani alikuwa bado anakohoa. Alipomaliza akataja numero, na ilikuwa ile ile. Stanislas akaja, akaangalia, akauliza kama tiroir ilifunguka peke yake au ilisukumwa. Mwape akasema peke yake. Stanislas akafikiri, akaagiza mafuta ya mashine, na mchana kutwa wakapaka mafuta njia za tiroir zote ili zisichoke.

Kabati likajifunza. Wiki ya kwanza karte iliinuka mama alipofungua kinywa. Baadaye iliinuka mama alipoingia langoni. Baridi ilipofika kati, karte zilikuwa zinasimama kabla Mwape hajavua shali, na yeye alizipanga dirishani kama sahani za wageni. Mizani ndiyo iliyokuwa sasa inakawiza watu.

Mwape alitaka kujua karte inajuaje. Aligusa ukingo wa ile iliyoinuka akakuta ina joto, joto lile la kitenge kilichotoka kumfunga mtoto. Akaanza kuwauliza akina mama wameondoka nyumbani wakati gani, na wamefanya nini kwanza. Hivyo aligundua kwamba karte haikungoja mama aanze safari. Iliinuka pale mama alipomfunga mtoto mgongoni na kujiambia moyoni, naenda. Asubuhi moja karte ya mama Chola ilipanda, ikashuka nusu, ikapanda tena. Alipofika dirishani Mwape alimuuliza:

"Mama Chola, ulipiganaka na nani mu njia?"

"Nani alikuambiaka?"

"Karte yako ilikuwa inapanda na kushuka."

"Aa. Ni jirani, juu ya makala ya kupikia. Lakini nilimushinda."

Jambo la pili aliloligundua lilimfurahisha zaidi. Akina mama waliozoea kutembea pamoja, karte zao ziliinuka pamoja, hata zikitoka pembe mbili za kabati. Baada ya siku chache karte hizo zilikutwa zimelala katika tiroir moja, bega kwa bega, kama vile zimechoka kuitana kwa mbali. Stanislas alisema numero ni numero, akazirudisha. Zikahama tena. Akashika saa yake, akapima, akaona kazi imekuwa nyepesi zaidi, akaziacha. Tangu hapo Mwape alijua kabla ya mtaa nani amepatana na nani, na nani ameanza kupita njia ya peke yake. Hakumwambia mtu. Alipenda tu kuangalia.

Baridi ilipoanza kuondoka, vijana wenye minyororo ya baiskeli walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ni mtu wa Kasai, ili wamfukuze. Kwa Ngalula waling'oa mlango, wakaubeba wakaenda. Mchana Symphorien alifunga godoro kwa kamba, na wote watatu wakaelekea kwenye kampi ya ONU, ya Umoja wa Mataifa, pembeni ya mji, mahali ambapo watu wengi sana walikuwa wamekwisha kujenga vibanda vya magunia na mabati. Mwape aliwabebea chungu mpaka kona ya barabara. Kupita kona hiyo baba yake alimkataza.

Watu wa kampi hawakuweza kwenda kazini, kwa sababu njia ya kwenda kazini ilipita kwa wenye minyororo. Asiyefika kazini, kampani ilifunga numero yake. Ikaja barua kwa Stanislas: karte za numero zilizofungwa ziondolewe kabatini, ziwekwe kwenye masanduku katika chumba cha nyuma, ili zisizuie zingine. Yeye na Mwape walifanya kazi hiyo siku nzima. Kabati likawa jepesi, tiroir zikateleza kama samaki. Stanislas aliona, akataka kulisifu, kisha akakohoa. Hakuwa mtu mbaya.

Jumatatu iliyofuata mifuniko ya masanduku ilikuwa imeinuka. Karte zote za ndani zilikuwa zimesimama, na hewa ya chumba cha nyuma ilikuwa na joto kama chumba cha wazazi wapya. Mwape alirudi mbele.

"Monsieur Stanislas, bale bamama ba mu kampi bamefunga bana mugongo. Beko banataka kuya."

Stanislas akaenda, akaweka mkono juu ya sanduku, akautoa. Akasema watie kitu kizito juu. Wakaweka ile mizani ya zamani iliyovunjika. Mfuniko ukaishika vizuri tu, hewani kidogo, mpaka saa ya kufunga. Akina mama walipokata tamaa ya siku hiyo, ukashuka.

Ngalula alikuja mara ya kwanza akiwa amefunga kichwa kwa kitambaa mpaka kwenye nyusi, asijulikane njiani. Karte ya Kapinga ilikuwa imekwisha kutoka sandukuni, iko dirishani, imeegemea nondo. Stanislas akaisoma mbele na nyuma. Jina sawa, siku ya kuzaliwa sawa.

"Karte iko," akasema. "Numero haiko."

"Tata, mutoto njo huyu."

"Namuona, mama. Mutoto iko, karte iko. Numero njo haiko."

"Bwana yangu hakufaka. Symphorien iko mu kampi, anapasua kuni."

"Hakukuyaka ku kazi."

"Akuye na njia gani?"

Kwa Stanislas, jambo la njia halikuwa la ofisi ya karte. Akaita mama wa nyuma. Ngalula alisogea pembeni, akangoja mpaka mkubwa aingie chumba cha nyuma, ndipo akamuita Mwape karibu na nondo.

"Mudogo yangu, muweke nyuma ya numero ya muntu mwengine. Bana beko bengi mule. Nani atamuona?"

Mwape alimwangalia Kapinga. Alikuwa halii. Alikuwa anaangalia makopo ya maziwa mezani kama mtu anayesoma.

Mwape alikuwa na mjomba, Nkandu, mfua chuma wa kampani, baba wa watoto wengi hata aliwaita kwa mluzi tu, wote pamoja. Mmoja zaidi asingeonekana. Siku hiyo kabla ya kufunga, Mwape aliisukuma karte ya Kapinga katikati ya watoto wa Nkandu, akamwambia Ngalula Jumatatu ataje numero ya mjomba. Halikuwa jambo geni. Zamani, kabati lilipokuwa polepole, watoto wengi wa ndugu, wa marehemu, wa majirani, walikaa hivyo nyuma ya numero zisizo zao mwaka na zaidi, wakanenepa.

Jumatatu Ngalula alitaja numero ya Nkandu, wazi, kama alivyofundishwa. Tiroir ya Nkandu haikusogea. Ikafunguka ile ya Symphorien, ambayo ilikuwa tupu tangu siku ya masanduku, na ndani yake karte ya Kapinga ilikuwa imesimama peke yake, wima, kama mwanafunzi anayejua jibu. Stanislas alikuwepo. Mwape aliirudisha kwa Nkandu mbele ya macho yake, na Stanislas, kwa wema, akageuka kuangalia dirisha. Karte ikatoka, ikarudi kwao. Mwape akaificha chini ya tiroir, ndani ya rejista, katikati ya watoto wa mtu mwingine tena. Kila mara ilirudi, na haraka kuliko mara iliyotangulia, kwa sababu sasa ilikuwa imezoea njia.

Kabati halikuwa na ubaya. Lilikuwa limejifunza kutopoteza kitu. Mwape alisimama na vidole juu ya mbao akielewa polepole: karte zilipokuwa zinapotea, watoto walingoja, hiyo ni kweli, lakini mtoto aliyetakiwa kupotea naye alipata pa kupotelea. Sasa hakukuwa na pahali hata pa mtoto mmoja.

"Banakatala?" Ngalula akauliza.

"Bantu hapana. Kabati."

Ngalula akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akamfunga Kapinga upya, akaenda. Mwape aliifuata njia yake kwa karte: ilibaki moto mpaka mchana, ikapoa taratibu, na ilipolala alijua wamefika.

Jumapili Mwape alimdanganya baba yake kwamba anaenda misa ya pili, akaenda kampi na unga katika kitambaa. Karte ilikuwa ndani ya blauzi yake. Alipotoka aliikuta humo, hakuitia yeye. Muuguzi wa kampi alikuwa na mizani ya kutundika. Walimning'iniza Kapinga, na Mwape akaandika kilo katika mstari wake, kwa mwandiko wa masista. Mstari ule ulikuwa umepanda, hata kama polepole, miezi yote tangu kuzaliwa. Sasa ulishuka. Jumatatu karte ilikuwa kazini kabla yake, na Stanislas aliisoma, akasema mwandiko ni safi, akaitia sandukuni.

Habari za kabati zikafika mjini. Wakaja wakubwa wa kampani, na viatu vya kung'aa, kuona dispansere isiyotafuta karte. Stanislas alivaa tai. Wakaangalia viti virefu, nusu yake vitupu, wakasema kwa Kifaransa kwamba hapa hakuna anayengoja, na ni kweli, hakukuwa na anayengoja. Mkubwa wao alitaka kupima mwenyewe. Alitoa saa mfukoni, akanyoosha mkono wa kuume, akamwambia Mwape ataje numero yoyote, isiyotayarishwa.

Mwape akataja numero ya Symphorien.

Hakuwa amefika mwisho wa numero, karte ya Kapinga ilikuwa mkononi mwa mkubwa. Aliigeuza, akasoma mbele, akasoma nyuma. Mwape aliyaangalia macho yake yakifuata mstari wa kilo, yakipanda nao, yakishuka nao, mpaka mwisho wa wino. Hapo yalisimama kidogo.

"Iko moto," akasema.

"Ndiyo, mukubwa," Mwape akajibu.

Akaangalia saa. Akasema mbio kabisa, mjini hata mashine haifiki hapo, taja nyingine. Mwape alitaja nyingine ya kampi. Akataja nyingine tena, na nyingine, numero zote alizozibeba siku ile ya masanduku, na mifuniko chumba cha nyuma ikagonga ukuta mmoja baada ya mwingine. Karte zikaja. Mwape alitaka kujua mkono wa mtu unaweza kushika ngapi kabla joto halijamshinda. Mkubwa alicheka kwa furaha, akampa Stanislas saa amshikie, akafungua mkono wa pili pia, apokee zaidi.