Mtoto wa Mbithe

Mtu asinidanganye ati jina ni jina tu. Nimezika wawili hapa Mbooni, Nyamai na Katunge. Wote niliwapa majina mapema vile desturi inataka, na wote wakaenda. Kwa hivyo wa tatu alipozaliwa nilifunga mdomo. Jina langu lenyewe, Mbithe, maana yake ni aliyefichwa. Nikasema basi, na huyu nitamficha. Kifo kikija kitamwita nani?

Mama mkwe alikuja na uji na hasira. "Mwana wakwa, mtoto bila jina bado ni wa mizimu," alisema, na hapo alinitisha kweli. "Mwite Mutie. Ndilo jina la nyumba iliyozika. Tunaambia kifo: huyu mwache."

"Shindwe!" nikamjibu. "Wewe mama kanisa mzima, unaongea na kifo kama jirani?"

Alienda akilia. Mume wangu Musyimi akanuna. Wacha anune.

Hata rafiki yangu Deqa, mwenye duka la nguo Sultan Hamud, alinicheka kwa simu. Jina lake kwa Kisomali ni zawadi, na kijana wake Guled ni mshindi. "Sisi siku ya saba mbuzi anachinjwa na mtoto ana jina," alisema. "Wewe unangoja nini, apigiwe kura?" Nikamkatia simu.

Kisha mtoto akaanza kupumua vibaya. Kila akivuta hewa mbavu zinaingia ndani, na midomo imegeuka rangi. Musyimi alitukimbiza hospitali kwa pikipiki, mimi nikisali kwa sauti kama mlevi. Wauguzi wakamfunga utepe mkononi: Mtoto wa Mbithe. Huko wachanga wote huitwa kwa jina la mama.

Asubuhi madaktari wakatutoa akina mama wodini, tukaketi kwenye benchi. Kando yangu alikuwa msichana wa Kwa Vonza aliyeolewa huku. Akanionyesha picha kwenye simu. "Huyu ni Mulinge. Ukimwita tu anacheka." Nikajisogeza mbali kidogo. Niliona anajiitia balaa, kutaja jina la mgonjwa ovyo hivyo.

Mlango ukafunguka. Muuguzi akasimama pale bila kumwangalia mtu usoni.

"Mama wa mtoto wa Mbithe."

Tulisimama wawili.

Woi! Kumbe naye ni Mbithe. Tukaangaliana, na sote tulijua ni habari gani inayoletwa na uso kama ule. Muuguzi akashtuka. "Samahani, akina mama. Mtoto anaitwa nani? Niangalie kadi ya kliniki."

"Mulinge," msichana akasema.

Muuguzi akanigeukia. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Akarudi ndani. Mungu anisamehe, wakati ule niliomba awe Mulinge. Niliomba mtoto wa mwenzangu ndiye awe amekufa, naye mwenzangu amesimama hapo karibu yangu akinishika mkono.

Muuguzi aliporudi alimwendea msichana. "Ni Mulinge. Pole sana, mama."

Msichana aliita lile jina. Aliliita mpaka watu wote wa korido wakanyamaza, kisha akaketi sakafuni akaendelea kuliita polepole. Nikaketi naye, nimemkumbatia, furaha na aibu zinanichoma pamoja.

"Wako anaitwa nani?" akaniuliza.

"Hana jina. Niliogopa."

Aliacha kulia akanitazama, na haki sikuona hasira kwa macho yake, niliona huruma. "Sasa kama angekuwa wako," akasema, "ungeita nani?"

Nikainuka nikaingia wodini bila ruhusa ya mtu. Mtoto wangu alikuwa bado anahangaika kupumua, mpira wa hewa umebandikwa puani. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nikamwinamia sikioni.

"Mutie," nikasema. "Mutie, mimi ni mama yako."