Kiti cha Nyuma cha Jaguar

Amolo, fundi wa magari pale Kapkatet, alifunga boneti akapangusa kutu mikononi. "Mzee, hii Jaguar imekwisha. Afadhali ufugie kuku ndani."

Kiptum alilizunguka gari tena na tena. Ujana wake wote aliliendesha, meneja Mzungu wa shamba la chai akiwa nyuma na gazeti lake, mpaka meneja huyo aliporudi kwao akamwachia gari. Tangu mwaka wa themanini na tisa linaoza chini ya mkaratusi, naye hapati usingizi kwa kuliwaza.

Akafungua mlango wa nyuma, akaketi pale pa meneja kwa mara ya kwanza maishani. Alijihisi kama amekalia siafu. Akashuka upesi.

"Tengeneza," akamwambia Amolo. "Lakini hiki kiti cha nyuma, ng'oa."