Vibao vya Lami

"Usikikwangue kwa hasira, Mama Loveness. Kibao hakijakukosea kitu."

Aikande alicheka, akalegeza mkono. Fundi Filemon alikuwa kijana wa kumzaa, lakini ndiye aliyesimamia ukarabati wa bweni lile la zamani pembeni ya mji wa Moshi, na alipenda kila kilichomo: kuta za matofali yenye matundu, paa la zege lililokunjwa kama karatasi, hata vitasa vilivyoliwa na kutu. Bweni lilikuwa limeachwa miaka mingi, popo wakahamia. Sasa lilikuwa linarudishwa kwa vitu vyake lenyewe. Kazi ya Aikande ilikuwa sakafu, vibao vya mninga, kila kimoja kama kiganja. Juu viling'aa. Chini viligandwa na lami nyeusi iliyovishika sakafuni tangu ujana wa wazee. Alikuwa anaikwangua kwa kisu butu, anafuta, kisha ananusa. Mti bado ulikuwa na harufu yake.

Siku hiyo aliomba ruhusa ya kubeba gunia moja la vibao akavifanyie kazi nyumbani Mwika. Binti yake, Loveness, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mzazi haachwi peke yake.

"Chukua," alisema Filemon. "Ila hivyo ndivyo vya chumba cha kona. Vikipotea, sina pa kuvipata."

"Nitavitunza kuliko mjukuu."

Mungu amsamehe, alikuwa anatania.

Mwika ilikuwa masika. Migomba ilichuruzika maji, kuni zilitoa povu kabla ya kutoa moto. Aikande aliliweka gunia pembeni ya mafiga ili vibao vikauke. Chumba cha Loveness kilipakana na jiko, na ukuta wa mbao uliovitenganisha haukufika juu. Dirisha lilikuwa limefungwa, nyufa zake zimezibwa kwa matambara. Aikande aliyaziba mwenyewe.

"Mama, humu hewa nzito," Loveness alilalamika.

"Afadhali nzito kuliko baridi. Ukipigwa na upepo sasa, mgongo utakuuma mpaka uzeeni. Kunywa mtori wako wa ndizi."

Asubuhi iliyofuata Eliona, wifi yake Aikande, alikuja kushika zamu ya jikoni. Aikande akachukua panga, akateremka kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, kukatia ng'ombe majani. Alikuwa amefunga mzigo nusu alipoinua macho.

Moshi wa kuni mbichi ni mweupe. Huu uliotoka jikoni kwake ulikuwa mweusi, mzito, unashuka badala ya kupanda. Kisha harufu ikamfikia. Aliijua. Ilikuwa harufu ya kazini kwake.

Alitupa panga, akakimbia.

Eliona alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anakohoa, anafuta macho kwa kanga, huku anajisifu. "Wifi! Kumbe unaficha kuni kavu namna hii na sisi tunapuliza mpaka mashavu yanauma? Ona mtori unavyochemka!"

"Toa! Toa hivyo! Vina lami!"

Hakungoja jibu. Ndani ya chumba cha mzazi moshi ulikuwa umetanda toka darini mpaka kitandani. Loveness alikuwa amemfunika mtoto kwa shuka zito, kama alivyofundishwa, ili asipate baridi. Mtoto hakulia. Alikuwa anatoa kikohozi kidogo, kama cha paka.

Aikande alishika dirisha. Eliona akamdaka mkono.

"Wifi, una wazimu? Nje mvua! Mzazi atapigwa na upepo! Mwenyewe ulisema!"

Kweli alisema. Mama yake alisema, na bibi yake. Mkono wake ulibaki juu ya komeo, na kwa muda mfupi hakujua aogope kipi, baridi au moshi. Kikohozi kikaja tena, safari hii chembamba zaidi.

Akang'oa matambara. Akasukuma dirisha mpaka likagonga ukuta. Akamnyakua mtoto, akatoka naye mpaka chini ya paa la banda la ng'ombe, Loveness nyuma yake peku, Eliona wa mwisho akiwa na blanketi, analia, "Mtanisamehe, jamani, mtanisamehe."

Mtoto alivuta hewa ya mvua. Akakunja uso. Halafu akalia kwa hasira zote za mtu aliyeamshwa vibaya, mpaka ng'ombe akageuza kichwa.

"Huyo ni wa ukoo wenu," Aikande alisema. "Sauti yako kabisa, wifi."

Mganga wa zahanati alimsikiliza mtoto kifua, akasema ni kizima, ila dirisha libaki wazi. Filemon, alipopigiwa simu, aliuliza kwanza, "Mtoto anapumua vizuri?" Na baadaye, "Vilivyoungua upande mmoja msitupe. Tutavigeuza."

Kesho yake mvua ilipungua. Mawifi wawili walikaa uani, gunia katikati yao, visu mkononi.

"Unakwangua kama unamenya ndizi," Aikande alimcheka.

"Ninyamazie. Kwani lami si ganda lake?"

Kutoka chumbani kikaja kikohozi. Visu vyote viwili vikasimama. Walisikiliza, lami ikiwa imewaganda vidoleni, na ukungu wa mlimani ukipita taratibu kati ya migomba. Kisha ikafuata kwikwi, na nyingine, ya mtoto aliyeshiba.

Eliona akachukua kibao kingine.