Dakika Ishirini za Jumamosi

Kazi ya Maren ilikuwa kugeuza dakika kuwa saa. Kila Jumatatu kadi za wafanyakazi wote wa kiwanda cha jibini zilimfikia zikiwa na saa na dakika, naye akazigeuza ziwe tarakimu ambazo kompyuta ya mishahara ilizielewa. Robo saa ikawa nukta ishirini na tano, nusu saa nukta hamsini, dakika arobaini na tano nukta sabini na tano. Aliianza kazi hiyo alipomaliza chuo, na sasa hata akichemsha mayai kwake alijikuta akiyahesabia kwa nukta. Aliipenda kwa sababu haikumlazimu kuongea na watu.

Alhamisi moja ya Februari, Verna wa kitengo cha kufungasha alikuja kwenye kidirisha cha ofisi, wavu wa nywele ungali kichwani. Mumewe, Mzee Orrin, alikuwa na saratani ya kongosho, na muuguzi aliyekuwa akija nyumbani alishamwambia Verna asihesabu tena kwa wiki, bali kwa siku. Verna alitaka likizo ya kumuuguza. Sheria iliitoa likizo hiyo bila mtu kupoteza kazi, ila kwa yule tu aliyefanya kazi saa elfu moja mia mbili na hamsini ndani ya mwaka. Za Verna zilikuwa zimevuja mwaka mzima, saa moja ya hospitali huku, nusu siku ya vipimo kule. Na akikosa kazini bila likizo, angefukuzwa. Akifukuzwa, bima iliyolipia dawa za maumivu za Orrin ingekwenda naye.

Maren alitazama kompyuta. Pengo lilikuwa 3.50. Nyuma ya Verna watu wawili walikuwa wakingoja, na midomo ya Verna ilikuwa imeanza kutetemeka. Maren hakuweza kumtazama mtu aliyekaribia kulia, kwa hiyo aliisoma ile tarakimu upesi.

"Masaa matatu na dakika hamsini, Bi Verna. Ukiyapata kabla ya Jumatatu, nazipitisha karatasi zako siku hiyohiyo."

Duane, msimamizi wa zamu, alisikia akiwa mlangoni. Akasema Jumamosi kulikuwa na kazi ya ziada kuanzia saa sita mchana, na kwamba angemwandika Verna. "Masaa matatu na hamsini tu? Mbona huo ndio muda wangu wa chooni," akaongeza. Verna akacheka kwa adabu. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba Jumamosi hana mtu wa kukaa na Orrin. Muuguzi haji siku hiyo, na dada yake hawezi kuendesha gari kwenye barafu.

"Nitakaa naye mimi," Maren akasema, na uso ukamwiva kwa haya. Duane akamtania kwamba kumbe ana sauti.

Jumamosi Verna alimwonyesha dawa zilipo, akamwachia sufuria ya supu, akaondoka. Kiwanda kilikuwa mwendo wa dakika kumi tu kwa gari. Mchana karibu wote Orrin alilala kwenye kitanda cha kukodi kilichowekwa sebuleni, na Maren alikaa kando yake akisikiliza pumzi zake. Ilipopita saa tisa na dakika arobaini, mzee akafumbua macho, macho mazima kabisa, akaongea. Akaongea kwa muda, na karibu saa kumi akasinzia.

Verna aliingia saa kumi kamili, theluji mabegani. Akauliza ameshindaje. Maren, aliyeona haya kuwa yeye ndiye aliyeyasikia maneno yale, alijibu kwamba amelala vizuri. Aliamini ataamka tena, amwambie mkewe mwenyewe.

Jumatatu kadi ya Jumamosi ilikuwa juu ya meza yake. Kuingia saa sita, kutoka saa kumi kasoro dakika kumi. Masaa matatu na dakika hamsini. Vidole vyake, kwa mazoea tu, viligeuza dakika hamsini kuwa nukta themanini na tatu. Jumla ikatokea: 1,250.33.

Akaitazama ile thelathini na tatu iliyozidi. Theluthi moja ya saa. Dakika ishirini. Pengo la Verna lilikuwa masaa matatu na nusu, na ile nukta hamsini yeye aliisoma pale kidirishani kama dakika hamsini. Verna angetoka saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika arobaini angekuwa anakung'uta viatu mlangoni pake.

Alizipitisha karatasi za likizo kwanza, maana hizo zisingesubiri. Wakati wa chakula cha mchana akachukua gari.

Verna alifungua mlango akiwa na taulo mkononi. Orrin hajaamka tangu Jumamosi, akasema. Anapumua tu, na muuguzi anasema hataamka tena. Maren alieleza akiwa bado amesimama kwenye mkeka wa viatu. Alieleza nukta, akaeleza nusu saa, akaeleza dakika ishirini.

Verna alikausha mikono kwa ile taulo.

"Kiwanda kizima unawahesabia kila wiki," akasema, "ukaja kunikosea mimi."

"Ndiyo."

"Na aliamka."

"Ndiyo, Bi Verna. Nilipaswa kukuambia palepale. Nilidhani ataamka tena."

Verna akaikunja taulo, akaikunjua, akaikunja tena. Maren akageuka aende zake, maana hakuona kingine alichostahili.

"Unakwenda wapi? Vua koti." Verna akavuta kiti cha pili karibu na kitanda. "Keti hapo ulipokaa siku ile. Nisimulie, na usinifupishie."

Maren akakaa. Akasema mzee aliuliza kwanza kama barabara imekwanguliwa theluji. Akaomba pazia lifunguliwe. Akawaona ndege wadogo kwenye kibanda chao cha mbegu, akasema yule mnene ni mwizi.

"Huyo humwita Duane," Verna akasema. "Halafu?"

Halafu aliuliza Verna yuko wapi. Maren akamjibu yuko kazini, anakaribia. Akauliza kama amechukua glavu zake nene. Akasema mke wake huendesha gari kama mtu aliyeiba ng'ombe, na akacheka, na kicheko kikamuumiza.

"Halafu?"

"Akasema akichelewa asikimbie, barabara ina barafu. Akasema yeye atangoja."

Verna aliuweka mkono juu ya blanketi, pale ulipokuwa mkono wa mumewe. Hakulia. Alimtazama Orrin tu.

"Halafu?"

"Halafu akanyamaza, Bi Verna. Akawa anatazama mlango."

"Kwa muda gani?"

Maren alijua kwa muda gani. "Mpaka akasinzia," akasema.

"Nisimulie na huko kunyamaza," Verna akasema.

Maren akasogeza kiti, akatafuta maneno. Akaanza na pumzi.