Honi ya Marehemu

Honi ya pikipiki ya kaka yangu Makame ilianza kulia yenyewe baada ya kumzika. Ililia mchana kweupe, upepo wa Septemba unavuma na vumbi limetanda Dodoma nzima. Pikipiki ilikuwa uani chini ya turubai, usukani umepinda, hakuna mtu karibu nayo. Ililia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena. Wanawake waliokuwa wakichagua mchele walitupa nyungo wakakimbilia ndani. Mimi sikukimbia, lakini nisijisifu, miguu ndiyo iliyokataa.

Makame alifia njia ya Hombolo, jioni giza likianza kuingia, akirudi mnadani na mitumba yake. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza kitu, naye alikuwa haachi mnada hata mmoja. Utingo wa lori lililoharibika barabarani alisema aliiona taa ya pikipiki ikija vizuri, ghafla ikazimika, kisha akasikia kishindo nyuma ya lori.

Pikipiki ile alikuwa akiitengeneza mwenyewe. Fundi mmoja aliwahi kumnyofolea koili nzima akamwekea mbovu, na tangu siku hiyo Makame akaapa hakuna mkono wa mtu utakaoigusa. Aliifungulia pale pale uani kwa kisu cha jikoni, na mimi, dada yake Salha, ndiye niliyekuwa mshika tochi. Ndivyo nilivyojua waya upi unatoka kwenye betri na upi unakwenda kwenye taa. Nilimpenda sana kaka yangu, lakini matengenezo yake yalikuwa ya kuombea dua. Fyuzi ikiungua, anaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ufunguo ulipokufa, honi akaiunganisha moja kwa moja na betri. Ukimkanya anacheka na kukuuliza, si inafanya kazi?

Kwa hiyo sikuhitaji mganga kuniambia honi inalilia nini. Waya wake ulichunika kwenye ajali, na upepo ukisukuma turubai, unagusa chuma. Kuchomoa betri ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini kaka yetu mkubwa, Abdulrazaki, alikataa katakata. Mali ya marehemu haiguswi mpaka mirathi igawanywe, alisema, hata skrubu moja, na mirathi ilikuwa ikimsubiri ndugu yetu aliyeko Tabora. Nilimuuliza kama na makelele nayo tutagawana. Akaniambia nimche Mungu.

Aliyeumia ni Mishi, mjane wa Makame. Alikuwa ndani ya eda, amevaa nyeupe, hatoki, na dirisha la chumba chake lilitazama uani. Kila honi ikilia aliweka chini alichoshika, kama ni kijiko, kama ni tasbihi. Chakula kilirudi jikoni kilivyokwenda. Betri nayo ilikuwa inaisha, honi ikawa haipigi tena kelele, inakoroma tu.

"Sauti yake inachoka," Mishi aliniambia siku moja.

Watu walisema haya ndiyo mapenzi. Mimi pia niliamini hivyo. Nikamwambia nitaichomoa betri kwa siri, potelea mbali Abdulrazaki. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akanikataza kuliko hata Abdulrazaki alivyonikataza. Nilipombana sana ndipo aliposema. Usiku wa kuamkia siku ya ajali, waya wa taa ulikuwa umekatika. Tepu hakuna, na vidole vya Makame vilikuwa vinene, haviingii nyuma ya taa. Basi Mishi akachana pindo la kanga aliyovaa, akauunganisha ule waya na kuufunga yeye.

"Fundo ni langu, wifi," alisema. "Taa imezimikia kwenye fundo langu. Ananiita nikaone."

Nilitoka mle chumbani nimeazimia kuhakikisha mwenyewe. Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, nilivua turubai. Nilichukua balbu ndogo ya tochi na vipande viwili vya waya, kama Makame alivyonifundisha, nikaanza kuutafuta moto wa betri ulipoishia. Fundo la Mishi nililikuta nyuma ya taa, kitambaa chekundu kimeshikamana vilevile. Nililifungua kwa meno. Ndani, shaba ilikuwa safi inang'aa, nyuzi zimesokotana barabara. Nikapitisha moto wa betri hapo, balbu ikawaka, hafifu lakini ikawaka. Nikaenda kwenye fyuzi. Pale hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na ile karatasi ya sigara, imeungua upande mmoja na kuchomoka kwenye vibano vyake. Kabla ya hapo balbu inawaka, baada ya hapo giza.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisimama uani kwenye vumbi nikicheka kwa sauti. Kisha nikakumbuka maana yake ni nini, nikakaa chini nikalia. Kaka yangu alikuwa amejiua kwa mkono wake na kwa ubishi wake.

Nilichomoa betri, nikafunga fundo kama lilivyokuwa, nikaingia kwa Mishi nikamweleza kila kitu. Nilimwekea ile karatasi kiganjani. Aliitazama, halafu akanitazama mimi kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa na mume.

"Wifi, unanipenda sana," alisema. "Lakini hakuna dada anayemsema kaka yake vibaya hata arobaini haijatimia. Umetafuta tu la kunipoza."

Nikamwomba Abdulrazaki aje asimame mlangoni kwa Mishi amwambie ukweli. Aliishika karatasi, akaelewa, maana si mjinga. Kisha akaikunjakunja na kuitupa kwenye jiko la mkaa. Marehemu hutajwa kwa wema wake, alisema, na mikono ya Makame ilisifiwa mbele ya masheikh kwenye hitima. Hakwenda mlangoni. Kwa sauti ya kunituliza aliniambia huzuni ya mwanamke hupungua yenyewe.

Uani kulikuwa kimya tangu Ijumaa ile. Mishi aliendelea kuweka chini alichoshika.

Eda ilipokwisha, wanawake wa ukoo walikuja na maji ya kumwogesha, udi na gauni jipya la kijani. Yeye alikuwa amekaa kitandani na nguo zake nyeupe. Walimbembeleza, wakamtania, mmoja akaanza kumvua ushungi. Mishi akaukamata mkono wake na kuurudisha taratibu.

"Eda hukaa aliyefiwa, siku zikatimia akatoka," alisema. "Mimi sikufiwa. Mimi niliua."

Walishika vinywa, wakasema ni uchungu, wakamsomea. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji mkononi, nikitafuta la kumwambia, na yote niliyokuwa nayo nilikwisha kuyasema.